Siku Niliyomtafsiria Mkwe Wangu

Siku ya kwanza niliyolipwa kwa kusema maneno ya mtu mwingine, mwenye maneno alikuwa amelala chali chini ya korona. Korona ni mashine inayokoboa majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Jina hilo tulikuwa nalo sisi wa katani kabla ugonjwa haujalichukua. Katika kiwanda kimoja huko Ngombezi korona ilikuwa imesimama tangu wiki iliyotangulia, na fundi mkuu aliyeletwa kuifufua alikuwa Mzungu asiyejua hata kusema habari za asubuhi. Mimi nilikuwa kibarua wa chumba cha brashi, mahali nyuzi zinapochanwa na kung'arishwa kabla ya kufungwa marobota. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo, saa ya chakula, nikiwa nyuma ya ghala. Nilidhani hakuna anayejua. Kumbe msimamizi wa zamu alikuwa akiniona siku zote.

"Wewe wa kamusi," aliniita, "njoo huku. Leo tutajua kama ulikuwa unasoma au ulikuwa unakimbia kazi."

Nilipopiga magoti kando ya mashine, mwenzangu Mashaka, tuliyekuwa tukiishi naye laini moja ya nyumba za vibarua, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni: "Haya jamani, leo Mzungu kakodi ulimi. Muulizeni kama ataurudisha jioni!"

Watu walicheka, na mimi nikaona aibu. Niliona aibu ya elimu yangu ndogo, ya suruali yangu yenye vumbi la katani, na ya kujifanya najua. Ndivyo nilivyoanza kazi ya ukalimani, na naandika haya kwa ajili ya vijana wa Korogwe na Handeni ambao siku hizi wanaifanya bila mtu wa kuwaonyesha.

Fundi mkuu hakuzaliwa na Kiingereza. Kwao walikuwa na lugha yao, na Kiingereza alijifunza ukubwani kama mimi. Nilidhani jambo hilo litatusumbua, lakini lilitusaidia. Alisema maneno machache, akatua, akaninyooshea kidole kifaa alichokitaja. Alipoona nimekunja uso, hakurudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Alitafuta neno jingine. Baadaye nilifanya kazi na wageni wengi, na nimehakikisha kwamba mgumu kuliko wote ni yule aliyezaliwa na Kiingereza na hajawahi kujifunza lugha ya pili. Huyo hajui ni wapi lugha yake ina ngazi na wapi ina shimo, kwa sababu hajawahi kujikwaa ndani yake.

Mashine ilipokuwa tayari, fundi mkuu aliwakusanya walishaji, yaani wale wanaoingiza majani mdomoni mwa korona, akawaeleza mkono ukae wapi na mkanda ukikatika wafanye nini. Nilitafsiri. Akaniambia niwaulize kama wameelewa.

"Mmeelewa?" nikauliza.

"Ndiyoo!" wakaitika wote.

Nikamgeukia kumwambia wameelewa. Alitikisa kichwa. "Swali hilo usiliulize tena maisha yako yote," alisema. "Hata kwetu mtu akiulizwa hivyo husema ndiyo. Mwambie yule mrefu anionyeshe."

Yule mrefu alikuwa Mashaka. Akapeleka mkono palepale alipokatazwa.

Fundi mkuu hakumkemea. Alianza upya, na safari hii kila mmoja alitakiwa kusema na kuonyesha alichosikia kabla ya kuruhusiwa kusogea. Jambo hilo tuliliita kurudisha. Msikilizaji anarudisha ujumbe kwa maneno yake mwenyewe, na mpaka aurudishe, ujumbe haujafika. Mashaka bado ana vidole vyake vyote. Kama ungeniuliza wakati ule kanuni ya kurudisha inaweza kumuumiza nani, ningekucheka.

Kutoka Ngombezi nilichukuliwa kwenda Handeni, kwenye mradi wa maji. Mradi ulichimba visima na kufukua malambo, yale mabwawa madogo ya kukusanya mvua ambayo kwetu Uziguani ng'ombe na binadamu huyategemea kiangazi. Niliwekwa chini ya mhandisi mgeni, ambaye kwao ni Kiingereza tangu bibi na babu. Alikuwa mtu mwema. Alisema haraka, alipenda misemo ya kwao, na aliingia katika mkutano kama mtu aingiavyo dukani, akitaja anachotaka.

Kijiji cha kwanza alisimama mbele ya wazee na kuanza moja kwa moja na kina cha maji. Hakuna aliyeitika. Mwisho bibi mmoja aliyekaa mkekani akauliza, "Huyu hana kwao? Mbona hasalimii?"

Nilitafsiri kama ilivyosemwa. Mhandisi akawa mwekundu. Jioni alinitaka nimfundishe salamu, na usiku kucha nadhani alifanya mazoezi, maana kesho yake aliteremka garini na kumkuta mtoto wa miaka kama mitano akichezea tairi, akamwinamia kwa adabu zote: "Shikamoo!"

Mtoto akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba," akajibu, akaendelea na tairi lake.

Kijiji kizima kilicheka, mhandisi naye akacheka, na tangu siku hiyo wakampenda. Lakini kupendwa si kueleweka. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, aseme sentensi moja kisha anyamaze, nami nitafsiri nikiwa bado naishika. La pili, asiseme kitu ambacho hawezi kukichora mchangani kwa kijiti. Alikataa hilo la pili kwa siku kadhaa, akisema yeye si mwalimu wa chekechea. Kisha tulipoteza asubuhi nzima kwa sababu ya msemo mmoja wa kwao uliohusu daraja na mto, katika kijiji kisicho na mto. Baada ya hapo alianza kutembea na kijiti chake mwenyewe.

Bosi wetu sote alikuwa mratibu wa mradi, mama mmoja Mtanzania aliyesoma sana. Yeye ndiye aliyenipa kanuni ya tatu, ambayo ni roho ya kazi hii. Alinisikia nikisema, "Mzee anasema kwamba ng'ombe wake wamekufa." Akanisimamisha mbele za watu.

"Usiseme mzee anasema. Sema: ng'ombe wangu wamekufa. Akisema mimi, nawe sema mimi. Ukijiweka katikati, watakutazama wewe badala ya kutazamana."

"Lakini mama, ng'ombe si wangu."

"Najua. Mkalimani hayupo. Ukiwepo, umeharibu."

Niliona haya kukemewa mbele ya wazee wa kwetu, lakini alikuwa sahihi. Mara tu nilipoanza kusema mimi, wageni na wenyeji walianza kutazamana machoni. Miaka mingi nilijivunia kutokuwepo. Nilikuwa na njaa za watu, kesi zao, ndoa zao, matusi yao, yote yakipita mdomoni mwangu kwa neno mimi, na jioni nikinawa uso nakuwa mwenyewe tena.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa pamoja na madaktari wa kujitolea. Kila mwaka kundi la madaktari kutoka nje lilikuja Korogwe kwa majuma machache, likazunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine. Mkuu wao alikuwa daktari wa kike, Mwingereza wa kuzaliwa, hodari na mwenye haraka. Siku ya kwanza nilimfundisha kusema kwa vipande vifupi na nikamfundisha kurudisha. Aliipenda kanuni hiyo ya kurudisha kuliko daktari yeyote niliyewahi kumtumikia. Hakumruhusu mgonjwa aondoke mpaka aseme kwa mdomo wake dawa ni ya nini na anakunywa lini. Tulikuwa wakalimani wawili. Mwenzangu, dada mmoja wa Manundu, alikuwa chumba cha wanawake. Mimi nilikuwa na wanaume na watoto.

Siku ya mwisho katika zahanati ya Magoma dada yule aliamka na homa. Nami ndiye niliyeingia chumba cha wanawake.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wasomaji wasio wa huku. Mke wangu, Amina, ni mzaliwa wa Magoma, wa familia ya Kisambaa iliyoteremka kutoka milimani kulima mpunga. Kwao na kwetu, mume na mama wa mkewe hawazoeani. Hawali pamoja. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha majanini na kutazama pembeni. Kumsalimia mkwe, mtu husimama nje ya mlango, uso ukielekea uani. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima iliyokua mpaka ikawa karibu na hofu. Nilikuwa nimeishi na Amina mpaka watoto wetu wamekwisha kuoa na kuolewa, na bado sikujua sura ya mama yake vizuri. Nilijua sauti yake na kanga zake.

Alipoinua pazia na kuingia, nilimjua kwa kanga. Naye aliona viatu vyangu. Tulisimama wote wawili tukitazama sakafu.

"Shikamoo, mama," nikauambia ukuta.

"Marahaba, Baba Shabani," akasema, na tayari alikuwa amegeuka nusu kurudi nje. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa imejaa mlango, na daktari alikuwa amekwisha kumwonyesha kiti.

"Daktari," nikasema kwa Kiingereza, "huyu ni mama wa mke wangu."

Uso wake uling'aa. "Vizuri sana! Basi leo atajisikia huru."

"Hapana. Ni kinyume."

Alitabasamu kama aliyesikia mzaha wa mkwe unaopatikana kila nchi. "Tuanze. Muulize kinachomsumbua."

Nikauliza. Mama akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Miguu," akasema. "Miguu tu, baba. Inaniwaka usiku."

Nikatafsiri. Daktari alibonyeza magoti, akauliza maswali yake, akaandika dawa ya maumivu, akamrudishia kadi. Mama hakuinuka. Aliishika kadi mapajani na kuendelea kukaa.

Nilitazama mambo matatu. Siku hiyo ilikuwa imetangazwa msikitini na kanisani kuwa ni ya maradhi ya kina mama. Wenye miguu na migongo walitibiwa siku iliyotangulia. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mto, na kwa nafasi yake kwenye foleni alifika kabla jua halijatoka. Na alikuwa amepewa dawa aliyoiomba, lakini hakuinuka.

"Daktari," nikasema, "nilichokutafsiria ni sahihi, na si kweli."

Aliweka kalamu chini. "Umebadilisha maneno yake?"

"Hapana. Ni neno kwa neno."

"Sasa?"

"Hawezi kulisema mbele yangu."

"Wewe ni mkalimani," akasema, bila ukali, kama anayekumbusha. "Wewe haupo hapa."

"Leo nipo," nikajibu.

Niliomba tumngoje muuguzi wa zahanati, ambaye Kiingereza chake kilitosha. Alikuwa chumba cha pili akizalisha. Niligonga mlango na kumwita. Sauti yake ikaja juu ya kilio cha mzazi: "Kaka, kichwa cha mtoto kiko nje. Unataka nikirudishe ndani nije kwako?"

Nikarudi. Nilichukua kiti, nikakiweka nyuma ya pazia la kitanda cha kupimia, nikakaa nikiutazama ukuta, mgongo wangu ukiwa kwao. Daktari alinyamaza. Namshukuru kwa kunyamaza kule. Wageni wengi huogopa kimya na kukijaza maneno.

Baada ya muda mama akasema, "Kuna jirani yangu."

Nikatafsiri.

"Ni mtu mzima kama mimi. Mambo ya wanawake yalimwisha zamani. Tangu mavuno ya mahindi, damu imerudi. Haikatiki."

Nikatafsiri. Daktari akashusha pumzi. "Mwambie nasikitika, lakini siwezi kumtibu mtu ambaye hakuja. Amlete huyo jirani."

Katika miaka yote ya kazi yangu hilo ndilo neno pekee nililokataa kulibeba. "Daktari," nikasema, "nakuomba usinifanye nitafsiri hilo. Mtibu jirani."

Kisha nikasikia kiti chake kikisogezwa mbele. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na akishaona njia hakuhitaji kushikwa mkono. Akauliza kwa upole, kwa vipande vifupi: Jirani anaumwa tumbo la chini? Jirani amekonda? Jirani amewahi kupimwa? Mama alijibu yote, wazi, kwa sauti iliyoanza kutulia. Nami nilitafsiri bila kusema mimi. Sikuwa nimeona raha namna ile asubuhi nzima. Nilidhani tumepata barabara.

Mtoto alizaliwa, muuguzi akaja mikono ikiwa bado na maji, na mimi nikatoka nje ili mama apimwe. Wanawake wa foleni walikaa barazani.

"Baba Shabani," mmoja akanitania, "umetoka? Umekwisha kusomea udaktari au umefukuzwa?"

"Mwache," mwingine akamwambia kwa sauti ya chini. "Mkwewe yumo ndani."

Kicheko kilikatika. Walinitazama, kisha wakatazama pembeni wote kwa pamoja, kama watu wanaompisha njiani mtu aliyechaniwa nguo. Ningependelea wacheke.

Nilipoitwa tena, muuguzi alikuwa amerudi mbio kwa yule mzazi, aliyekuwa akivuja damu. Tukabaki watatu walewale. Daktari alieleza alichokiona kwenye shingo ya kizazi. Alisema huenda ni saratani, huenda siyo. Hawezi kujua bila kipande kidogo kupimwa. Jirani aende hospitali ya mkoa, Tanga, mwezi huuhuu, asisubiri mpunga uvunwe. Akienda mapema, kuna tiba. Akichelewa, tiba itakuwa ndogo. Nilitafsiri kipande kwa kipande, nikiwa nyuma ya pazia langu.

"Sasa arudishe," akasema daktari.

Mama akarudisha vizuri kuliko wengi. "Jirani aende Tanga. Apimwe kipande. Asingoje mpunga." Nikasikia akiinuka, akijifunga kanga kiunoni. "Nitamwambia nikimwona."

Nikatafsiri. Daktari akainamia upande wa pazia. "Sawa?" akaniuliza.

Maneno yalikuwa yamekamilika. Kwa kanuni zote nilizofundishwa, ujumbe ulikuwa umefika na kurudi. Lakini nilikuwa nimeona Handeni wazee wakirudisha vizuri maneno juu ya kisima, kisha kisima kikaachwa kikafa, kwa sababu walirudisha maneno ya mtu mwingine kama wasimulizi na hakuna aliyejihesabu humo. Katika lile "nikimwona" nilisikia ugonjwa ukiachwa kwa jirani. Angevuka mto, angeinama kwenye majaruba yake ya mpunga, na jirani asingeonekana mpaka mavuno.

Nilisimama, nikazunguka pazia, nikamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama," nikasema. "Jirani ni nani?"

Aliivuta kanga ya kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Nisamehe, mama. Sema ni nani anayekwenda Tanga."

"Baba Shabani," akasema polepole, "unanivua nguo."

"Ndiyo, mama. Sema."

Aliishusha kanga kutoka kichwani, kama mtu ambaye hana tena cha kuficha. "Mimi," akasema. "Ni mimi. Damu ni yangu. Ni mimi nitakayekwenda Tanga. Umeridhika?"

Daktari alikuwa akitazama uso wangu, akingoja. Nikafanya kazi yangu. Nikasema kwa Kiingereza, kwa neno mimi, kama mratibu alivyonifundisha: "Ni mimi. Damu ni yangu. Ni mimi nitakayekwenda Tanga. Umeridhika?"

Yeye alidhani swali ni lake. "Nimeridhika sana," akajibu kwa moyo wote. "Asante."

Na hilo pia lilikuwa jibu, na jibu lazima litafsiriwe. Nikamgeukia mama wa mke wangu, nikamwambia, "Nimeridhika sana. Asante." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Amina alimpeleka Tanga wiki iliyofuata. Ilikuwa saratani, na ilikuwa changa. Akafanyiwa upasuaji, akapona. Siku waliyorudi Amina aliketi kitandani, akavua viatu, akaniambia, "Umeniokolea mama. Na nakuomba usinisimulie tena ulivyofanya. Wanawake wa Magoma wamekwisha kunisimulia."

Kwa mila, jambo kama lile haliachwi lipoe lenyewe. Nilimtafuta mshenga wetu, Mzee Hoza, yule aliyepeleka posa yangu nilipotaka kuoa, ambaye sasa hutembea kwa fimbo. Tulikwenda Magoma na mbuzi na doti ya kanga. Mimi niliketi barazani. Mama alikuwa chumbani, mlango nusu wazi. Mzee Hoza alisimama kizingitini, kati yetu. Sote watatu tulikuwa Waswahili wa lugha moja, na tulikuwa tukisikiana hata tukishusha pumzi.

"Mwambie mbuzi nimemwona," mama akasema ndani.

"Mama anasema mbuzi ni mzuri," Mzee Hoza akaniambia.

"Mwambie nashukuru kwa Tanga."

"Mama anashukuru kwa safari, na anawaombea dua nyinyi na watoto."

Kisha mama akaongeza, "Mwambie kwangu asije mpaka nimwite."

Mzee Hoza alikohoa kwa muda mrefu. Alitazama fimbo yake, akatazama uani. "Mama anasema," akaniambia, "njia ya Magoma siku hizi ina tope sana."

Nilikuwa nimesikia yote mawili. "Mwambie mama," nikajibu, "nimeelewa. Tope lipo."

Kwa kanuni zangu, mzee yule alikuwa mkalimani mbovu kabisa. Aliongeza, alipunguza, alijiweka katikati, na hakurudisha chochote. Lakini nilishuka baraza ile nikiwa na nguo zangu mwilini, na aliyenivika ni yeye.

Nilifanya kazi msimu mmoja zaidi, nikastaafu. Sikufukuzwa wala sikuugua. Ila nilipotakiwa kusema mimi, ulimi ulikuwa unasita kidogo, na mkalimani anayesita ni sawa na mlishaji wa korona anayesinzia.

Sasa vijana hunijia nyumbani Korogwe. Wengine huongoza watalii milimani, wengine huwatafsiria watafiti wa Handeni. Nawaeleza kwamba mgeni aseme kifupi, asimame, asalimie kwanza, atupe misemo ya kwao, asiulize mmeelewa, angoje kurudishiwa. Huandika haya vizuri. Kisha mmoja wao huuliza: na mtu akikataa kusema? Hapo huwa nawapa chai. Sijawahi kuwajibu. Nimejaribu mara nyingi kuiandika siku ile ya Magoma upande wa mambo niliyofanya vizuri, na mkono hauendi. Nimejaribu kuiandika upande wa makosa, na hapo pia hauendi, kwa kuwa najua kwamba leo akiingia tena, nitauliza swali lilelile. Kinachobaki ni aibu. Si aibu ya mtu aliyekosea, na kwa sababu hiyo sijapata mtu wa kumwomba aniondolee.

Mama hajaniita. Yuko hai, analima mpunga wake, na sauti yake naisikia kwenye simu ya Amina kabla sijatoka nje. Mwaka huu binti yetu alijifungulia kwetu, na mama akataka kumwona kitukuu. Nilipopata habari nilifunga kibegi, nikahamia Segera kwa rafiki yangu mwenye genge la matunda pale njia panda, nikamsaidia kuuza machungwa mpaka mgeni alipoondoka.

Niliporudi nyumba ilikuwa imefagiliwa hadi kwenye uzio. Amina alikuwa akichambua mchele. Niliketi, nikauliza habari za mtoto, nikauliza habari za safari, mwisho nikauliza, "Mama alisema chochote?"

"Aliuliza kama huko ulikokwenda unakula."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sijui, akuulize mwenyewe, namba yako ninayo."

"Akasemaje?"

Amina alipuliza pumba kwenye ungo. "Alifunua sufuria akaonja mboga," akasema. "Halafu akaniuliza chumvi iko wapi."